Boriti za Tahiri

Mwaka ule malori ya kokoto yalikuwa yanapita Bungu mchana kutwa kwenda kwenye ujenzi wa daraja la Ndundu, na sisi kijiweni tukinywa vumbi pamoja na kahawa. Mimi ndiye mmiminaji. Siku hiyo vikombe havikutulia, maana Tahiri, mpwa wa Mshamu, alikuwa amepata kazi wizarani, kwenye chumba cha mafaili ya siri. Kilichobaki ni wapekuzi kuja kuuliza tabia zake. Na Tahiri huyo aliwahi kukamatwa na boriti za mikoko bila kibali, akalala mahabusu.

— Kazi imekwenda na maji hiyo, akasema Kondo, tunayemwita Redio. Serikali haisahau.

— Acha uchuro wewe! Mshamu akang'aka. Alikuwa anamjengea bibi yake baada ya mafuriko.

— Bibi si kibali, akasema Zaidi, tunayemwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kuitwa shahidi. Leo boriti, kesho anauza siri za nchi.

— Atamuuzia nani, kaa wa mikokoni? Mshamu akauliza.

— Nasikia wapekuzi wanakwenda mpaka delta, kwenye mikoko yenyewe, Redio akaendelea. Wana mashine, ukiiweka juu ya kisiki, inamtaja aliyekata!

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Mshamu hakucheka, masikini. Yeye ndiye aliyemlea yule kijana.

— Dawa ni moja, akasema Hakimu. Wakija, sote tuseme hajawahi. Hata panga hajalishika.

Wakafanya mazoezi palepale, mimi nikijifanya mpekuzi. Walikuwa hodari kweli, nikaona hata fahari.

Mara basi la Dar likasimama, akashuka kijana wa shati jeupe. Akaagiza kahawa, akaamkia vizuri.

— Wazee wangu, natoka wizarani. Huyu Tahiri aliwahi kukamatwa na boriti?

— Hajawahi!

— Hata panga hajalishika, Mshamu akamalizia, jasho likimtoka.

Mgeni akapuliza kahawa yake.

— Mbona mwenyewe katueleza yote, mpaka habari ya bibi? Sisi boriti za zamani hazitusumbui, tunatafuta mtu asiyeficha. Sasa nikaseme muongo nani, yeye au nyinyi?

Redio akaangalia malori. Hakimu akakagua kandambili zake. Nami, mpekuzi wa mazoezi, nikajifanya napanga vikombe.

— Sisi, mwanangu! Mshamu akaruka, uso umemchanua. Waongo ni sisi! Anza na jina langu!

Hakimu alitaka kukata rufaa, lakini birika lilikuwa limekauka.