Gerishon Nyamai na Chipu ya Kazi Moja, 1961–1999

Gerishon Nyamai alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Kathiani, Machakos, kifungua mimba wa Mama Wanza na marehemu Mzee Mutuku. Akiwa shule ya msingi alifungua redio ya mwalimu mkuu amwone anayezungumza ndani. Viboko alivipata, ila redio ilirudi ikisikika vizuri zaidi.

Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa mwaka 1984 kutengeneza pampu za petroli, Industrial Area. Huko ndiko alikozipenda chipu ndogo za ndani ya mitambo, zile zinazopewa kazi moja na kuifanya bila kuchoka. Jioni alifungua kibanda chake cha ufundi Kawangware.

Mwaka 1990 alimwoa Seline, binti wa Mama Nereah wa Soweto West, Kibera. Tuseme ukweli: Mama Nereah hakumtaka. Alimwitikia salamu akitazama kando.

Mwaka 1995 mama huyo alianza kuangua vifaranga kwa joto la taa ya mafuta, akitumia mayai aliyokabidhiwa na akina mama wa kanisa. Ya kwanza yaliiva yote kwa joto kuzidi, asipate kifaranga hata mmoja. Akaapa kwamba ya pili yakiharibika atarudi Homa Bay, maana hatakuwa na uso wa kuketi nao tena.

Nyamai angekuwa akiikagua taa mwenyewe, lakini sanduku la mayai lilikaa kando ya kitanda, nyuma ya pazia, na kwa Wakamba kama kwa Wajaluo mkwe havuki pazia la mama mkwe. Ikabidi aunde sanduku lisilohitaji fundi karibu, lenye balbu za kutoa joto na chipu ya kuziwasha na kuzizima. Rafiki yake Phanuel alimcheka, akamwambia atafute kompyuta nzima.

"Kompyuta inajua mengi na inakula stima," Nyamai alimjibu. "Hii chipu inajua joto peke yake, na haisinzii. Stima ikipotea, betri ya gari inaitosha."

Seline aliliingiza sanduku hilo jipya nyuma ya pazia. Mumewe alibaki mlangoni akiuliza kama balbu zinawaka na kuzima. Stima ilipotea wiki hiyo, na vifaranga wakatoka. Mama Nereah alimletea mmoja mlangoni, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1998. Alifariki tarehe 9 Septemba 1999. Juzi, matanga yakiendelea, sanduku liliangua tena, wala hakuna fundi aliyeligusa. Hilo limetufariji sana.

Ameacha mjane, Seline, na watoto, Trizah na Marvin. Mama Nereah alikataa kuandikwa pamoja na wakwe.

"Niandikeni mama," alisema. "Mkwe husimama mbali, na mimi nataka kumzika mtoto wangu nikiwa karibu."

Basi ameacha mama wawili. Mungu ampumzishe kwa amani.