Tarulata Gohain, Mama Aliyegeuza Kila Kitambaa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa kijiji cha Kothalguri, humu humu kwenye bonde letu la Brahmaputra. Jina lake ni Tarulata Gohain. Ametuacha Jumatatu iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Tarulata Gohain, wa Kothalguri. Wengi wenu mlimjua kwa jina jingine. Mlimwita Bi Imetoka Wapi.

Jina hilo alibandikwa na Horen, mwenye duka la njia panda. Kila Tarulata alipoingia dukani alishika kitu, akakigeuza, akauliza.

"Sabuni hii imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye boksi, dada."

"Na boksi?"

"Dada, wewe unataka kuoga au kuifanyia serikali sensa?"

Watu wakacheka. Tarulata naye akacheka, kisha akaiacha sabuni pale pale na kwenda kununua ile inayopikwa na mama wa ng'ambo ya mto. Mafuta ya haradali aliyachukua kwa jirani mwenye kinu. Sahani zake za shaba ziligongwa na mafundi wa kijiji cha pili. Hata pepeo lake la mianzi alimjua aliyelisuka, na alijua pia kwamba mtu huyo ni mmbeya. Mtu alipomwambia ana chuki na vitu vya wageni, alimkata kauli. "Sina ugomvi na mtu wa mbali. Yeye ana majirani zake. Mimi nina wangu."

Lakini msidhani alizaliwa hivyo. Tarulata alikuwa binti wa karani wa reli. Alikulia mjini. Alipoolewa na mwalimu Bipin Gohain, alifika Kothalguri hajui kufuma. Hajui kabisa! Nanyi mnajua maana yake kwetu, bi harusi asiyejua kukaa kwenye kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo. Mama mkwe wake, Bhanumoti, alimtazama juu hadi chini.

"Mwanangu kaniletea mwali anayejua kusoma saa ya stesheni," alisema, "ila uzi akiuona anadhani ni nywele."

Tarulata alilia siku hiyo. Kesho yake akajifunga kibwebwe, akakaa kwenye kitanda cha mfumi. Gamosa yake ya kwanza, kile kitambaa chetu cheupe cha heshima kinachovaliwa shingoni, ilikuwa pana mwanzoni na nyembamba mwishoni. Maua mekundu ya pindoni, badala ya kusimama, yalilala. Alitaka kuificha. Bhanumoti akamnyang'anya, akaitupia begani, akaenda nayo nyumba ya sala mbele ya kijiji kizima. Wanawake wakaguna. Bhanumoti akawajibu neno moja tu: "Anajifunza." Tangu siku hiyo wawili hao walipendana mpaka kifo.

Miaka ikaenda. Zikaja gamosa za kiwandani, kutoka mbali, rahisi, mabunda kwa mabunda. Wenyewe mlikuwepo, mliona. Ile gamosa tunayomvisha mzazi siku ya Bihu, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ile tunayomvisha mgeni kwa heshima, ikawa ya kuagiza kama kiberiti. Vitanda vya mfumi vikapandishwa darini, kuku wakatagia humo. Wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani alisikia? Kothalguri, ukimwacha Tarulata, wakabaki wanawake saba tu wanaofuma. Saba. Walibaki kwa sababu ya Tarulata, maana alisimama nyumba ya sala akaapa mbele yao: "Siku mtakayoniona namvisha mgeni kitambaa ambacho mkono wa mtu haukukifuma, kitanda changu cha mfumi pasueni kuni."

Basi, wasikilizaji wapendwa, ikaja harusi ya mwanawe.

Diganta ni mtoto wa pekee. Alikuwa akifanya kazi Bengaluru, na mchumba wake, Jinti, ni wa Jorhat. Baada ya harusi kule kwa bibi harusi, ndugu zake themanini wangekuja Kothalguri kula wali, na kila mmoja alipaswa kuvishwa gamosa mlangoni. Themanini! Wakati huo vidole vya Tarulata vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Diganta akampigia simu. "Mama, pumzika. Nimepata wafumaji, nitaagiza kwao." Tarulata akauliza swali lake, mnalijua. Diganta akajibu, "Za mkono, Mama. Naapa." Tarulata akaamini. Angeachaje kumwamini mwanawe?

Boksi likafika asubuhi ile ile ya wageni. Tarulata akalifungua akiwa na furaha, akatoa gamosa moja, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Gamosa iliyofumwa, ukiigeuza, unaona nyuzi nyekundu zilivyopita nyuma ya maua. Hii haikuwa na uzi. Maua yalikuwa yamechapwa kwa rangi, kama gazeti.

"Diganta."

"Mama, samahani. Niliona vidole vyako. Nikaona utajiua kwenye hicho kitanda."

"Uliniapia."

"Ndiyo. Lakini Mama, nani atamgeuzia mgeni kitambaa shingoni mwake?"

"Mimi," alisema Tarulata.

Hapo maji yalimfika shingoni. Akiwavisha wageni zile za kuchapwa, wale wanawake saba wangeona, na huo ungekuwa mwisho wa ufumaji Kothalguri. Asipowavisha kitu, angemuumbua mwanawe wa pekee mbele ya wakwe. Na Horen wa duka alikuwa amekwisha fika mapema, amekaa kiti cha mbele, anauliza kwa sauti, "Jamani, leo tutavishwa za wapi?"

Diganta, kwa ubishi wa vijana, akachukua gamosa moja ya boksi akaivaa shingoni juu ya kanzu yake nyeupe ya harusi. "Tazama, Mama! Ina kasoro gani?" Akatoka nje kusimamia turubai. Na mvua ya mwezi wa Fagun mnaijua, haibishi hodi. Ilinyesha dakika tano tu. Aliporudi, rangi ilikuwa imechuruzika kuanzia shingoni hadi tumboni.

Rafiki yake akapiga ukelele. "Bwana harusi kachinjwa!"

Wapishi waliacha miiko. Shangazi mmoja alikimbilia maji. Diganta alisimama mlangoni mbele ya mama yake, mwekundu kifuani, na uso mwekundu kuliko kifua. Tarulata alimtazama. Mdomo ukamcheza. Halafu akacheka, wasikilizaji wapendwa, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Diganta akakaa karibu naye akacheka huku analia.

"Nenda kwa Dipali," akamwambia alipopata pumzi. "Usitume mtu. Nenda wewe, na kanzu hiyo hiyo. Mwambie ulichofanya."

Dipali alikuwa mmoja wa wale saba. Diganta alimkuta anafuma gamosa za Bihu, za mume wake, za baba yake, za kaka zake. Kazi ya majira yote ya baridi. Bihu ilikuwa imebaki wiki sita. Diganta akamweleza yote, hakuficha hata kiapo cha uongo. Dipali akaitazama ile kanzu.

"Unajua, shemeji," akasema, "umependeza." Kisha akachukua mkasi, akakata kazi yake kutoka kwenye nyuzi za mtande.

Saa tatu asubuhi wanawake wote saba walikuwa njiani, kila mmoja amebeba za nyumbani kwake. Hazikutosha. Basi wakapita milango ya wale walioacha kufuma, na huko masanduku yakafunguliwa, zikatoka gamosa zilizofumwa na mama zao na bibi zao, zimetunzwa kwa majani ya mwarobaini. Walioacha kufuma wakazileta wenyewe, mikono miwili. Zikatimia themanini na ziada.

Tarulata akasema jambo ambalo halijawahi kufanyika Kothalguri. "Leo havishi mwenye nyumba. Kila mmoja atamvisha mgeni ile aliyoileta."

Wageni wakafika. Wa kwanza alikuwa babu yake Jinti, mzee wa fimbo, mkali. Dipali akamvisha. Mzee akaishika ncha, akaigeuza.

"Nani kaifuma hii?"

"Mimi, baba. Naitwa Dipali."

Mzee akaigusisha kwenye paji la uso wake, akamwinamia. Mzee mkwe, mbele ya watu, anamwinamia mwanamke aliyekuja na viganja vyenye alama za uzi! Baada yake kila mgeni akageuza ya kwake, kila mgeni akauliza jina. Dipali. Rupohi. Marehemu mama yangu, Bogitora. Mimi. Bibi yetu. Mimi. Majina yalisikika mlangoni kama saa nzima, na wali ukapoa, na hakuna aliyelalamika. Ya mwisho Tarulata alimvisha Horen mwenyewe. Horen naye akaigeuza.

Siku ya Bihu mwaka ule, vitanda vya mfumi vilivyofanya kazi Kothalguri havikuwa saba wala nane. Vilikuwa thelathini na kimoja. Kuku walitafutiwa pa kutagia. Leo havipungui hamsini, na Diganta amerudi kijijini na mkewe, na ndiye anayepeleka kazi ya wanawake hao hadi Guwahati. Jinti alituambia hivi: "Mama hakuwahi kumkumbusha Diganta kosa lake, hata mara moja. Ile kanzu tu alikataa ifuliwe."

Jumatatu alipofariki, Diganta alikwenda duka la njia panda, akili imemruka, kununua kitambaa cheupe cha kumfunika mama yake. Ndicho kilichokuwa karibu. Horen alikuwa nacho, jora zima, cha kiwandani. Horen, mzee sasa, alimtazama, akalirudisha jora kwenye rafu.

"Sikuuzii," alisema. "Miaka arobaini nilijaribu kumpa vitu hivi akiwa na nguvu za kukataa. Siwezi kumvika leo ambapo hana tena."

Akafunga duka, akamshika Diganta mkono, wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba, hadi wakapata cheupe kilichofumwa. Horen ndiye aliyekibeba.

Kwa Diganta, kwa Jinti, kwa wanawake wa Kothalguri na kwa mzee Horen, sisi wa redio tunawapa pole kwa moyo wote. Mama yenu alishinda, nasi tunaona fahari kulitamka jina lake: Tarulata Gohain, wa Kothalguri, miaka sabini na mmoja.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, jiulizeni jambo moja tu. Jirani yako anajua kutengeneza nini, ambacho wewe unakifuata mbali? Usinijibu mimi. Kesho asubuhi mpigie hodi, umjibu yeye.