Dirisha la Chumba cha Matangazo

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Reli, Mkuu wa Stesheni yetu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, madereva, mafundi, wakata tiketi, ndugu zetu wa usafi mnaofika kabla ya sisi sote, wageni waalikwa, na wewe mume wangu uliyevaa tai kwa mara ya pili tangu tuoane: habari za mchana.

Wengi wenu hamnijui kwa sura. Naona kule nyuma mnanong'onezana, "Kumbe ndiye huyu? Mbona mfupi hivi?" Ndiye huyu. Mimi ndiye ninayewaambia kuwa treni ya mashariki ipo jukwaa la pili, mkashuka ngazi mbio, mkaikuta inaondoka, mkanitukana. Nimetukanwa na abiria wa kila rika, wazee kwa adabu na vijana bila adabu, na wote nimewasamehe, maana anayemtukana mtangazaji angalau alikuwa anasikiliza. Nyumbani nako sikusalimika: nikiwaita wanangu waje kula, huniuliza ni jukwaa la ngapi.

Leo mnaniaga, na leo hii hii mnazindua mashine ya kutangaza. Nimeisikia asubuhi. Ina sauti nzuri, haipati mafua, haiombi ruhusa ya kwenda msibani, wala haitakohoa katikati ya jina la kituo. Sina wivu nayo. Jambo moja tu ndilo linaloninyima usingizi: nimeambiwa kuwa kuanzia kesho chumba cha matangazo kitafungwa, na ndani yake hatakaa mtu. Kabla mlango ule haujapigwa kufuli, niruhusuni niwakumbushe jioni moja.

Mnaikumbuka jioni ile treni ilipoacha reli? Haikuwa ajali ya kutisha. Treni tupu ilikuwa inarudishwa nyuma kwenda kuoshwa, magurudumu mawili ya behewa la mwisho yakateleza nje ya reli, na hakuna aliyekwaruzwa hata ukucha. Lakini yaliteleza wapi? Pale pale mlangoni mwa stesheni, zinapokutana njia zote, na behewa likakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Hakuna treni iliyoweza kuingia, hakuna iliyoweza kutoka, na mji mzima ndio kwanza umetoka kazini.

Nikapewa karatasi ya kusoma: "Treni zitachelewa kwa dakika chache." Nikasoma. Nikasoma tena. Mara ya tatu wakanizomea, tena kwa haki, kwa sababu dakika zile chache zilikuwa zimeshageuka saa nzima. Kisha mtu mmoja, ambaye hadi leo hatumjui, akapiga kelele kwamba kuna treni inaondoka jukwaa la nne. Jamani! Umati wote ukakimbilia ngazi. Walio juu wanasukuma kushuka, walio chini wanasukuma kupanda, na katikati, nikimwona kwa macho yangu kupitia dirisha la chumba cha matangazo, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amebanwa ukutani, kitambaa cha kichwa kimemtoka, anahangaika kumhamishia mtoto kifuani asipondwe. Siwafichi, niliogopa. Nikaitupa ile karatasi.

Nikabonyeza kitufe nikasema: "Abiria wapendwa, hakuna treni jukwaa la nne. Hakuna treni jukwaa lolote. Behewa limeacha reli, limeziba njia. Mtaondoka saa ngapi? Sijui. Nikijua nitawaambia, na hata nisipojua nitarudi kuwaambia kwamba bado sijui. Sasa ninyi mlio juu ya ngazi, rudini nyuma. Wewe baba mwenye koti la kijani, nakuona, anza wewe. Kuna mama na mtoto hapo mbele yako."

Wakasimama. Yule wa koti la kijani akarudi nyuma, akageuka, akapanua mikono kuwazuia waliomfuata, na ngazi ikapata nafasi. Mama yule akatoka na mwanawe, mtoto analia kwa nguvu zake zote, nami sijawahi kufurahia kilio kama siku ile.

Mkuu wa Stesheni atanisamehe nikisimulia kilichofuata. Alipanda juu mbio, tai iko begani, jasho linamchuruzika.

"Mama! Unawaambia watu hujui? Kwenye spika?"

"Kwani wewe bosi unajua?"

Akatazama dirishani. "Sijui."

"Basi waambie."

Na akawaambia! Wangapi wenye cheo chake wangekishika kipaza sauti kile? Alijitambulisha, akasema hata yeye hajui, mafundi wako kazini, na anaomba radhi. Mtu mmoja akapiga makofi. Tangu hapo tukawa tunapokezana, mara mimi, mara yeye, "bado sijui", "bado sijui", hadi abiria wakawa wanatuitikia kwa pamoja huku wakicheka, wamekalia mizigo yao, wanapeana maji ya kunywa na watu wasiowajua. Mafundi walipolirudisha behewa relini, watu walipanda treni kwa foleni. Stesheni hii hii, foleni! Bosi, siku ile nilijivunia kukuita bosi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mashine yenu inaijua ratiba kuliko mimi, nakubali. Lakini ratiba ikivurugika, nani atazitazama ngazi? Mashine haina dirisha. Iacheni itangaze siku zote za kawaida, na nikisafiri nitaisikiliza kama abiria wengine. Ninachoomba ni mtu mmoja kwenye kiti kile, kando ya dirisha lile, mwenye ruhusa ya kubonyeza kitufe na kusema ukweli. Saa ya ukutani mliyonizawadia naipokea kwa mikono miwili, ingawa, kwa kuwa ni saa ya watu wa reli, nitaichunguza kwanza kama haichelewi.

Asanteni kwa kunisikiliza miaka yote hii, na leo, kwa mara ya kwanza, bila kunizomea. Ila siwezi kuondoka bila tangazo. Abiria wapendwa: je, kuanzia kesho dirishani kutakuwa na mtu? Mimi sijui. Anayejua ameketi meza kuu, ana suti ya kijivu. Mheshimiwa, kipaza sauti hiki hapa. Nakuona.