Cheti cha Wiki Sita

Sogezeni viti, wanangu, na redio hiyo izimeni, maana sauti niliyobakiza si ya kushindana na mtu. Daktari amewanong'oneza pale mlangoni akidhani sisikii. Nimesikia, na siogopi.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa mpokea simu wa hospitali, na hakuna daktari nisiyemjua hata akikohoa tu. Siku walipofunga mtambo unaounganisha simu wenyewe, waliniita ofisini wakanipa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Wakati huo baba yenu yuko kaburini, wewe kifungua mimba wangu uko kidato cha tatu, na huyu mdogo wako bado ananyonya kidole. Nililia siku mbili. Ya tatu nikaenda kujiandikisha mafunzo ya wiki sita ya kutakasa vyombo vya upasuaji kwa mvuke, nikakaa dawati moja na mabinti walioniita bibi.

Niliporudi na cheti, matroni alikishika kwa ncha za vidole kama soksi chafu. "Wiki sita unajifunza nini, mama?" Nikamjibu, "Kuku huatamia wiki tatu tu, matroni, na anatoa kiumbe chenye roho." Ofisi nzima iliangua kicheko, naye akanipa kazi kwa hasira, ili nishindwe. Sikushindwa, miaka kumi na minne. Sijamsamehe, na msinilazimishe; lakini akija kunizika, mpeni kiti kizuri.

Nilipostaafu nikasoma tena, Jumamosi nane, kutengeneza vifaa vya masikio vya wasiosikia vizuri, ndiyo maana chumba cha mbele kina meza iliyojaa skrubu ndogo kama punje za mchanga. Sisemi kila karatasi ina maana. Niliwahi kutapeliwa: mafunzo ya siku moja ukumbini, soda moja, hotuba tatu, cheti chenye mhuri wa dhahabu, nikatoka mikono mitupu kama nilivyoingia. Kabla hamjalipa, ulizeni: nikitoka hapa mikono yangu itajua nini ambacho jana haikujua, na nani ataniamini? Asiyeweza kuwajibu, mpisheni.

Sasa wewe, kifungua mimba. Usiangalie dari. Najua kampuni ya bima ilikuachisha kazi miezi minane iliyopita, kompyuta ikarithi dawati lako, na kwamba kila asubuhi unafunga tai, unamuaga mkeo, unakwenda kukaa maktaba hadi saa kumi. Mtunza maktaba ni mteja wangu. Mdogo wako alikuwa hajui. Sasa anajua, na hatacheka, la sivyo nitamtokea. Nilipokudokezea habari ya mafunzo ulinijibu, "Mama, mtu mwenye shahada ataanzaje na vikozi vya wiki mbili tatu?" Shahada yako naiheshimu, niliilipia kwa mvuke ulioniunguza viganja hivi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nyumba ni yenu wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Meza na vifaa ni vya mdogo wako, kwa kuwa alikaa nami akajifunza. Wewe sikuachii meza. Nimekuandikisha mafunzo ya wiki kumi, ya kuchambua madai ya bima kwa kompyuta, kazi ile ile uliyoijua kwa kalamu. Yanaanza Jumatatu saa tatu. Nikifa Jumapili, nizikeni alfajiri; saa tatu nataka uwe darasani, hata kama viatu vina udongo wa kaburi langu. Wakikuita mzee, itika.

Nipeni maji... kidogo tu. Hapo.

Leteni mikono, wote wawili. Mungu awape vidole vyepesi, na uso usioona haya kuanza upya... riziki yenu isitegemee mlango mmoja... na mkeo, mwanangu, mwambie ukweli leo, kabla jua halijazama.

Nimechoka. Sikusema nimemaliza. Msinifumbe macho... Nitafumba mwenyewe.