Sayari Aliyoipuliza Mapafu

Benchi liko mbele ya kibanda cha Fyuzi, fundi feni. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni matofali, na wanaolikalia wana midomo mingi kuliko shughuli. Yupo Profesa, kinyozi aliyeagana na shule darasa la tano na tangu siku hiyo hajakubali kufundishwa. Yupo Bi Birika, muuza kahawa asiyemimina kikombe bila kumimina na neno. Yupo Fyuzi mwenyewe. Na yupo Mapafu, mpiga tarumbeta wa harusi, ambaye ukimwambia mvua imenyesha atakwambia yeye ndiye aliyeiita. Saa nane mchana Mapafu alikuwa akijisifu kwamba ndiye mtu pekee mtaani aliyewahi kuipiga nyota kwa tarumbeta. Wenzake walikuwa wanakaribia kuamini, ndipo mdogo wake, Hesabu, akatokea kwa miguu kutoka kituo cha darubini, karatasi mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba.

— Kaka, umepuliza nini usiku wa thelathini na moja?

— Shikamoo imepotelea wapi?

— Shikamoo. Umepuliza nini?

— Marahaba. Nimepuliza muziki.

Kazi aliyopewa Mapafu ilikuwa ya mtoto kuielewa. Hesabu na wenzake waliitazama nyota moja usiku sitini, wakipima mwanga wake. Hesabu akazigeuza namba kuwa noti: nyota iking'aa zaidi, noti juu, ikififia, noti chini, usiku mmoja, noti moja. Lakini kuanzia usiku wa thelathini na moja mawingu yalitanda siku kumi na moja, hawakuona kitu. Hapo karatasini akaandika neno moja tu: kimya.

Sasa Mapafu na kimya wapi na wapi? Huyu hupuliza hata bwana harusi akipiga chafya. Pengo lote akaliziba kwa ule mteremko wake mtamu wa noti, wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Akarekodi, akatuma, akajipongeza.

— Wageni wetu wa kituoni, wataalamu wa nyota, wameisikia rekodi yako leo asubuhi, alisema Hesabu. Nami kwa ujinga wangu nilikuamini, sikuisikiliza kwanza. Mmoja wao kasimama, kasema nyota imefifia taratibu, basi kuna sayari imepita mbele yake. Wanataka kuviandikia vituo vingine viitafute. Umezua sayari, kaka!

— Sayari! Mapafu alijipiga kifua. Basi ipewe jina langu.

— Ipewe langu, alisema Profesa. Nani alikunyoa siku ile?

— Jamani! Saa kumi narudi mbele yao kukiri kosa. Nisipokuwa na rekodi sahihi mkononi, mkuu wangu anaifuta kazi nzima. Tangu mwanzo anasema kugeuza namba kuwa muziki ni mchezo. Mwaka wangu mzima huo. Twende chumbani kwako.

— Chumbani jirani anaranda mbao. Turekodi hapa hapa.

Hesabu akawasha simu. Mapafu akapuliza noti thelathini safi, akashusha tarumbeta ahesabu mapigo kumi na moja ya kimya. Moja. Mbili. Tatu.

— Ameishiwa pumzi? aliuliza Profesa.

— Profesa! Umeharibu!

— Nimeharibu nini? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaka yako kaziba ufa, wewe unamgombeza.

— Hiyo methali si ya nyota.

— Kwani nyota haina ufa?

Fyuzi alitoa bisibisi mdomoni.

— Mnabishana bure. Nyota ilikuwa imezimwa, inafanyiwa matengenezo. Hata feni huifungui huku inazunguka.

— Matengenezo gani! alidakia Bi Birika. Ilijua inachunguliwa. Wewe uchunguliwe usiku thelathini mfululizo, hutavuta pazia?

— Enhe! Profesa alisimama. Na pazia lenyewe ni mawingu. Yametumwa na nyota. Kwa hiyo wa kushtakiwa ni nyota.

— Mawingu yako hapa chini kwetu, nyota iko huko mbali, alisema Hesabu, sauti ikianza kukatika. Havijuani!

— Mtu hufiwa na shemeji yuko mbali, na anajua, alijibu Profesa, akakaa kama aliyeshinda kesi.

Mara ya pili walifika pigo la sita.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema Bi Birika. Niungoje huo mshindo, au nimimine?

Na kabla Hesabu hajafungua kinywa, tarumbeta ikatoa pee! moja ndogo.

— Hata wewe, kaka?

— Imetoka yenyewe! Midomo imezoea!

Hesabu akakaa ncha ya benchi, kiganja usoni. Saa tisa ilikuwa inagonga. Ndipo wakamwona mama mmoja amesimama pembeni, feni iliyovunjika panga ikiwa kwapani. Alikuwa amekuja kwa Fyuzi, akanaswa na maneno.

— Samahanini, alisema. Hizo siku kumi na moja, hiyo nyota ilikuwa inafanya nini?

Profesa alifungua mdomo achukue methali, methali haikuja. Wote wakamgeukia msomi.

— Sijui, mama, alisema Hesabu. Hakuna anayejua. Ndiyo maana niliandika kimya.

Mapafu alihisi masikio yakimchoma. Kumbe alikuwa ameisimulia harusi ambayo hakuihudhuria, mpaka na gauni la bibi harusi akalitaja rangi. Akafuta mdomo wa tarumbeta kwa shati.

— Washa, mdogo wangu.

Noti thelathini zikatoka. Akashusha tarumbeta, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu, kisisikike. Tano. Sita. Profesa alikuwa bado anaitafuta nyota kichwani, mdomo wazi. Mama alikumbatia feni. Nane. Midomo ya Mapafu iliwasha kama imepakwa pilipili, akaing'ata. Kumi. Bi Birika alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe, kahawa imefika mdomoni mwa birika, haijashuka.

Kumi na moja.

Noti ya usiku wa arobaini na mbili ikatoka, na kahawa ikashuka.