Rabson Kapembwa, Aliyekiona Kilichomuua

Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Rosaria, hapa Nchelenge, leo Jumamosi tarehe 11 Agosti 1979. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi. Shemeji zetu wamevuka ziwa kutoka Kilwa ya Zaire, Kibemba chetu hawakisikii vizuri, na tangu juzi wao ndio wanaosemwa. Ni haki yao kusikia bila mkalimani. Vijana wanaosubiri kubeba jeneza nao wasikie, maana wote tunajua wameagizwa nini: waliachie jeneza limtafute aliyeua, na wapo waliokwisha kuamua kwamba litakwenda kugonga magoti ya mjane. Basi tulieni kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika kambi ya wavuvi kisiwani Chisenga, mtoto wa pili wa marehemu baba yetu Kafula Kapembwa na mama Eness. Alizaliwa kabla miezi haijatimia, na mama husema haraka ile haikumtoka tena. Alikuwa kiguu na njia. Ukimtuma chumvi kwa jirani, chumvi ungeipata jioni, na jirani angekuja kulalamika kwamba redio yake imefunguliwa vipande vipande.

Alianza masomo katika shule ya misheni hapa Nchelenge mwaka 1952, akamaliza sekondari mwaka 1964 huko Mansa, wakati mji ukiitwa bado Fort Rosebery. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, akachagua fizikia. Baba alitaka awe mwanasheria, wakanuniana mwaka mzima.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na Emilienne Kabamba, binti wa wachuuzi wa samaki wa Kilwa. Walijuana sokoni Kashikishi, ambapo Rabson alikuwa akipita mbele ya meza yake, anarudi, anapita tena, hanunui kitu. Emilienne alimwambia, "Simama pa fasi moja, bwana! Unanizungusha kichwa." Akasimama. Mungu aliwajalia watoto wawili, Léonie na Chileshe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza mashine za eksirei katika hospitali moja Kitwe. Oktoba 1973 alipata nafasi ya utafiti Uingereza, akaenda na Emilienne, kwenye chuo kikuu kilichokuwa kikijaribu jambo ambalo wengi walilicheka: kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, bila kisu na bila eksirei. Nilipomwuliza, alinieleza hivi. Nyama yote ya mwili ina maji. Sumaku kubwa huyapanga maji hayo, mawimbi kama ya redio huyasumbua, kisha mtu husikiliza yanavyorudi kutulia. Maji ya nyama yenye ugonjwa huchelewa kutulia. Kuchelewa huko ndiko kunakochorwa. Walianza na malimau, wakaja samaki, halafu mikono yao wenyewe.

Hapo kwenye mikono ndipo mama alipoingia katika sayansi. Rabson alipoondoka, mama alimshonea ndoana ndogo ndani ya pindo la mkono wa sweta, kama alivyomshonea baba kila alipokwenda mbali, ili ziwa limvute arudi. Hakumwambia. Kila Rabson alipoingiza mkono kwenye sumaku, picha ilitoka imepinda, na wazungu wakawa wanafungua nyaya na kuzifunga upya, wanalaumiana. Kosa lilikuja kupatikana siku Emilienne alipofua sweta na kuchomwa kidole. Mama aliposimuliwa hakuomba radhi. Alisema kumbe ndoana yake ina nguvu kuliko mashine yao.

Novemba 1978 mashine ilikuwa imepanuliwa ikatosha kichwa cha mtu mzima. Walihitaji picha ya ubongo ulio mzima, na Rabson akajitolea. Mtu aliyeshindwa kukaa kitako misa nzima alilala kimya muda mrefu, maana kichwa kikicheza picha huharibika. Upande wa kushoto kilitokea kivuli. Wenzake walicheka, wakamwambia avue sweta. Hakuwa nayo. Akaingia mwenzake mmoja, picha ikatoka safi. Akarudishwa Rabson, na kivuli kikawa palepale. Hospitali ilithibitisha kwamba ni uvimbe, na uko mahali ambapo kisu hakifiki. Maumivu ya kichwa aliyokuwa nayo, akiisingizia baridi, kumbe yalikuwa na mwenyewe, uvimbe huo.

Angeweza kubaki kwa matabibu wale. Mei mwaka huu alirudi, nami nikamgombeza uwanjani mbele za watu. Akaniambia, "Yaya, dada yangu, nikifia kule, Emilienne atarudi na sanduku ya maiti, na hakuna mutu atamwamini. Nimekuja kusema mimi mwenyewe."

Alisema. Jumapili ya kwanza ya Julai aliita pande zote mbili uani kwa mama, mguu wa kulia ukiwa umeanza kumkataa. Alisema kwa Kiswahili: "Kitu yenye inaniua niliiona na macho yangu. Iko mu kichwa, upande hii. Musitafute mutu."

Mjomba wetu Chileshe, kaka wa mama, alijibu, na sitaficha kwamba alijibu vizuri: "Picha yako inaonyesha uvimbe. Haionyeshi nani aliutuma."

"Ni kweli, Bayama," Rabson alimwambia mjomba. "Haionyeshi. Lakini sanduku nayo haionyeshi. Sanduku haina miguu. Miguu ni ya batoto benu."

Lisemwalo lipo, watu walisema walipotoka pale, na wakaendelea kusema sokoni mpaka Emilienne akaogopa kwenda kununua unga. Hilo limeniuma kuliko msiba. Kwa majuma ya mwisho Rabson hakuweza kuongea. Emilienne ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji, na kila alipotoka chumbani macho ya ndugu yangu yalihangaika mlangoni mpaka arudi. Alifariki nyumbani kwa mama asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1979, akiwa na miaka thelathini na mitano. Nina huzuni, na nina hasira pia, na zote mbili nimekuja nazo.

Ameacha mke, Emilienne, ambaye hakumuua. Ameacha watoto, Léonie na Chileshe, ambaye Rabson mwenyewe alimpa jina la mjomba wake kwa mapenzi. Ameacha mama Eness, mimi dada yake, mjomba Chileshe, na shemeji Dominique, kaka wa Emilienne, pamoja na jamaa wote wa Chisenga na Kilwa.

Aliniachia agizo moja alipokuwa bado na sauti. Vijana, kaeni chini, mmeshukuriwa. Upande wa mbele utashikwa na mjomba Chileshe na shemeji Dominique, bega kwa bega. Bayama, njoo. Ukisikia jeneza linavuta, tangaza hapohapo ni bega la nani linalovuta. Kama halivuti, twende naye kaburini moja kwa moja, apumzike kwa amani, na mjane arudi nyumbani kwake kwa miguu yake, mchana, mbele yetu sote.