Aliyeonja Kwanza: Wasifu wa Marehemu Ludovick Yohana Ndahani

Umeandikwa na binti yake, Evodia, kwa maagizo ya marehemu mwenyewe. Usomwe makaburini Mkonze, Jumamosi, 13 Machi 1999.

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani. Marehemu aliomba wasifu wake usipambwe. "Msibani kila mtu huwa malaika," alisema mwezi wa kwanza, akiwa bado na sauti. "Mimi nisomeeni nilivyokuwa." Tulibishana naye sana, maana hakuna mtoto anayependa kumwanika baba yake mbele ya watu. Alishinda yeye, kama kawaida yake.

Ludovick Yohana Ndahani alizaliwa hapa hapa Mkonze tarehe 14 Agosti 1946, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Yohana Ndahani na Mama Cecilia. Mwaka 1953 mvua ziligoma, na mwaka huo huo baba yao akafariki. Mama yao hakuwa na afya. Nyumba ikamwangukia dada yake, Anyesi, msichana wa miaka kumi na mitano, ambaye alijua kazi moja kuliko wanawake wote wa upande huu: kupika ujimbi, pombe yetu ya mtama. Ndiyo iliyowalisha.

Ndiyo iliyomsomesha pia. Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1954, akaendelea na shule ya kati mjini Dodoma, na mwaka 1969 akahitimu chuo cha kilimo huko Morogoro. Daftari, sare, nauli, vyote vilitoka kwenye mitungi ya dada yake. Nguo zake zilinuka kimea, na wanafunzi wenzake walimwita Kimea mpaka akamaliza. Siku moja Anyesi alitembea kwa miguu kutoka Mkonze kumpelekea viatu shuleni. Wenzake walipouliza yule ni nani, Ludovick alijibu kwamba ni jirani. Hilo nalo aliagiza liandikwe, tena akasisitiza lisiachwe.

Tarehe 1 Julai 1969 aliajiriwa kuwa bwana shamba. Alifanya kazi Kongwa, Mpwapwa na hatimaye Dodoma mjini, na sifa yake ilikuwa ulimi. Ungeweza kumfunga kitambaa machoni, ukampa matonge matatu ya ugali wa mtama, naye akakuambia kila tonge limetoka shamba la upande gani. Wakulima walimpenda kwa sababu alikula kwao bila kuchagua na alicheka kwa sauti kubwa. Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa mama yetu, Elieth, wakajenga Ipagala, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Tarehe 30 Juni 1992 alipunguzwa kazini. Ni miaka ambayo mashirika yalikuwa yanauzwa na kila aliyerudishwa nyumbani aliambiwa ajiajiri. Marehemu aliendelea kuvaa tai kila asubuhi kwa mwezi mzima, akaketi sebuleni akisikiliza redio, huku mama akitoka na beseni la maandazi. Hakuzoea kuwa mtu wa kulishwa, ingawa ukitazama vizuri ndivyo alivyokuwa tangu utoto wake.

Hapo ndipo alipokuja Bruda Lieven, ambaye leo yuko nasi, ameketi pale karibu na kwaya. Bruda, kabla ya kuja kwetu kuchimba visima, alikuwa mpishi wa bia katika nyumba ya watawa kwao Ubelgiji, bia nyeusi, nzito, yenye utamu wa sukari iliyoungua. Mwaka 1983 waganga walimwambia tumbo lake halipatani na ngano wala shayiri. Ugali hauna neno. Lakini bia ya kwao ni ya shayiri, na kila tone lilikuwa linamchana utumbo. Akakaa miaka kumi bila kuionja. Mapema mwaka 1993 alimwuliza marehemu: je, bia ile haiwezi kupatikana kwa mtama?

Marehemu alisema inawezekana, akapanda baiskeli kwenda kwa dada yake.

Kwa mwaka mzima shangazi Anyesi alitengeneza, na marehemu akabeba galoni kutoka Mkonze hadi Ipagala. Walionja wawili, yeye na Bruda, na kuandika kwenye daftari. Namba moja ilikuwa chachu kupindukia. Namba mbili ilikuwa ujimbi ule ule uliopakwa rangi. Namba tatu ilikuwa nyeusi kweli, ila ilikuwa na ladha ya mkaa. Namba nne Bruda aliimwaga kwenye maua kwa heshima, marehemu alipogeuka. Kwa namba tano, shangazi alikaanga kimea cha uwele polepole mpaka kikawa rangi ya kahawa, akatia sukari guru, giligilani kidogo, halafu akachukua zabibu kavu.

"Dada, hii ni pombe au pilau?" marehemu alimtania.

"Wewe hujui kitu. Kazi yako ni kupeleka."

Bruda alipoonja ile namba tano aliweka kikombe chini, akasema, "Namsikia mama yangu ananifokea kwamba nimechelewa kurudi nyumbani." Marehemu alicheka, na Bruda akamshika mkono kwa nguvu, akisema, "Ludovick, wewe ni fundi." Hapo marehemu alikuwa na nafasi ya kumsahihisha. Alisema asante.

Jumamosi, 19 Machi 1994, Bruda alialika wageni nyumbani kwake Ipagala. Walikuwepo Wabelgiji wawili wenye kiwanda kidogo, waliotafuta bia kwa ajili ya watu wenye tumbo kama la Bruda. Fundi wa bia ile angekwenda kwao miezi mitatu kufundisha, na jina lake lingeandikwa kwenye chupa. Shangazi alikuja na namba tano na namba sita, aliyoijaribu baadaye, amevaa kitenge chake cha kanisani. Wote hapa tunajua desturi yetu: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya watu, ili wageni wajue aliyeitengeneza ni nani na kwamba haina jambo. Bruda naye aliijua. Akasimama, akauliza, "Haya, mwenye pombe ni nani? Aonje."

Shangazi alikuwa ameshashika kibuyu. Marehemu alinyoosha mkono, akakichukua mikononi mwake, akanywa.

Mgeni mmoja aliuliza yule mama ni nani. Marehemu alijibu, "Huyo ananisaidia kuosha vyombo." Shangazi alichukua vikombe, akamimina, akawagawia wote, na mwisho akavikusanya akaenda kuviosha. Marehemu alisema kuwa kwa miaka mitano iliyobaki hakuna sauti iliyomsumbua kama ya vikombe vile ndani ya beseni.

Alikwenda Ubelgiji Septemba 1994. Alirudi baada ya wiki tano. Walimwuliza kimea kikaangwe muda gani, hakujua. Walimwuliza zabibu zitiwe kabla ya povu au baada, akabahatisha. Ulimi wake ulijua kwamba kila pipa limeharibika, lakini mikono yake haikuwahi kutengeneza hata mtungi mmoja. Wakamshukuru, wakamkatia tiketi. Alimwambia Bruda kwamba mtama wa Ulaya ni mbaya. Bruda, samahani kwamba unausikia ukweli leo, hapa.

Na shangazi? Hakugomba wala hakumfungia mlango. Ila tangu siku ile, kila marehemu alipokuja Mkonze, alitandikiwa kitambaa mezani na kuletewa chai kwenye kikombe cha wageni. Watu wengine walipewa pombe kwenye kibuyu, wameketi chini, wanacheka. Yeye alipewa chai na karanga, akaulizwa habari za mjini. Alikuwa anarudi nyumbani na kulala bila kula. Sisi tulidhani ni uchovu wa baiskeli.

Septemba 1998 chakula kilianza kumkwama, na ikagundulika ni saratani ya koo. Alitibiwa hapa Dodoma na Dar es Salaam, tunawashukuru waganga na wauguzi wote. Kufikia Februari alimeza uji tu, uji wa uwele, na shangazi ndiye aliyekuja kila siku kumlisha. Kila kijiko alikionja kwanza kuona kama kina moto, ndipo akampa. Kijiko baada ya kijiko, siku baada ya siku. Mchana mmoja marehemu alimshika mkono, akasema kwa shida, "Dada, siku ile kwa Bruda..."

"Kunywa uji," shangazi alimjibu. "Unapoa."

Shangazi alipoondoka, marehemu aliniashiria nilete daftari. Alilia akiandikisha, na mimi mwandishi nililia kwa hasira na kwa huruma, sijui kipi kilizidi. Alifariki nyumbani Ipagala Alhamisi, 11 Machi 1999, saa tatu asubuhi.

Ameacha dada, mjane, watoto watatu, Evodia, Anthony na Evarista, na wajukuu wanne. Dada ametajwa wa kwanza kwa agizo lake, na aliagiza atajwe hivi: Anyesi Ndahani wa Mkonze, aliyemlea, aliyemsomesha, na aliyetengeneza peke yake bia nyeusi ya mtama iliyoonjwa Ipagala tarehe 19 Machi 1994. Marehemu hakutengeneza hata tone.

Shangazi ameloweka mtama na uwele tangu Alhamisi jioni, bila kuombwa na mtu. Jumamosi ijayo, tarehe 20, tunaanua matanga nyumbani kwake, na Bruda umealikwa. Patakapoulizwa mwenye pombe ni nani, mtu mwingine asinyooshe mkono. Shangazi, utaonja wewe kwanza.

Mungu amjalie baba yetu pumziko ambalo hakulipata miaka hii mitano. Vyombo tutaosha sisi, watoto wa Ludovick.